Magurudumu ya Chef de Gare

Jina lake sitaliandika. Si kwamba nimelisahau. Tuliishi ua kwa ua miaka mingi, na lile jina lake la ubatizo nililijua kabla serikali haijatuambia kwamba majina ya watakatifu si yetu. Nalijua pia lile la pili, la asili, ambalo alijipa haraka kuliko mtu yeyote wa Lubunga, gundi ya tangazo la komini, ofisi ya mtaa wetu, haijakauka ukutani. Lakini mkono unakataa kuliandika. Mtu aliyeishi zama zile alijifunza kuyaacha majina ya watu nje ya karatasi, na mazoea hayo hayatoki kwa sababu tu umeambiwa mambo yamekwisha. Sote tulimwita Chef de gare, yaani mkuu wa stesheni, au Chef tu, ingawa kwa sehemu kubwa ya ujirani wetu alikuwa ameshastaafu, na stesheni yenyewe ilikuwa na mbuzi wengi kuliko abiria.

Mimi ni mshonaji wa nguo. Cherehani yangu ilikaa barazani, pale Lubunga, mtaa wa Kisangani wa ng'ambo ya kushoto ya mto, karibu na inakoanzia reli ya kwenda Ubundu. Kati ya nyumba yangu na yake palikuwa na ua wa matete ambao kuku wake hawakuutambua. Cherehani ilipogoma ni yeye aliyeifungua, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka, akairudisha, na kila mara ikabaki skrubu moja ambayo wote wawili tulijifanya hatukuiona.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mwendo wake ulikuwa wa hatua fupi zilizolingana, kwa sababu maisha yake yote alikanyaga mataruma ya reli. Hata sokoni alitembea hivyo. Siku ambayo treni ilitakiwa kufika kutoka Ubundu, alivaa kofia yake ya kazi akaenda kuingoja, wala hakuna aliyemlipa kwa hilo. Akirudi peke yake nilikuwa namchokoza.

"Chef, treni imefika?"

"Iko na retard kidogo, inachelewa, Mama."

"Kidogo namna gani? Tangu juzi!"

"Tangu juzi iko kidogo. Tangu mwaka, alors, ile ndiyo iko mingi."

Alisema hivyo bila kucheka, na sikujua kamwe kama ni mzaha.

Sasa niseme la pili juu yake, ambalo ndilo la kwanza. Alikuwa mwoga. Simaanishi mwoga kama sisi wengine, maana sote tulikuwa waoga. Nasema alikuwa mwoga hata kwa kipimo cha Lubunga. Gari la askari likipita alivua kofia, na vumbi likishatulia bado alikuwa ameishika mkononi. Kiongozi wa nchi alipohutubia redioni, sisi tulipunguza sauti tuendelee na kazi zetu, yeye aliongeza ili barabara nzima isikie kwamba anasikiliza. Beji ya chama, ile ndogo ya duara yenye uso wa Kiongozi, na miwani yake na kofia yake ya ngozi ya chui, aliivaa hata akienda kuoga mtoni, kwenye taulo. Alimsifu Kiongozi mezani, akila na mkewe. Mkewe, mwanamke wa Yanonge mwenye sauti ya kuvuka maji, alimwambia siku moja mbele yangu:

"Papa, tuko sisi tu hapa. Unaimbia nani?"

"Na kuta?" akasema. "Kuta haziko na masikio?"

Alikuwa na msemo wake wa kazini, na aliutumia kwa kila jambo lililotoka juu, iwe ni bei mpya, amri ya kubadilisha majina, au jirani aliyechukuliwa asirudi. "Signal rouge, hauiulizi." Taa nyekundu haiulizwi kwa nini ni nyekundu. Unasimama, unangoja, basi.

Asubuhi wafanyakazi wa serikali walipokusanywa kuimba na kucheza sifa za chama kabla ya kazi, mstaafu hakulazimika kwenda. Chef alikwenda. Alicheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, viwiko vikigonga majirani, jasho likimtoka, uso umekaza kama wa mtu anayebeba gunia la chumvi. Vijana walimcheka kwa siri. Mimi pia nilimcheka, mpaka siku nilipouangalia uso ule kwa karibu nikaona kwamba anaogopa kukosea hatua. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilidhani msemo huo ulitungwa kwa ajili yake.

Na mtu huyu ndiye aliyekuwa na kitu cha hatari kuliko vyote Lubunga, tena sebuleni, machoni pa kila mgeni.

Ilikuwa reli. Kwenye kuta za sebule yake alizungusha rafu kwa urefu wa kifua, na juu ya rafu akatandika njia ya reli kwa vyuma vya miavuli mibovu, na juu ya reli akapanga treni. Zilianzia mlango wa mbele, ambao ulikuwa Kisangani, zikazunguka nyuma ya viti, zikaishia mlango wa jikoni, ambao ulikuwa Ubundu. Mkewe akileta chakula alisema anatoka Ubundu na pondu, yaani kisamvu. Treni nyingi alizitengeneza mwenyewe kwa makopo ya sardini na ya maziwa. Nyingine alizikusanya miaka na miaka, kwa kununua na kubadilishana: moja ya mti mwekundu iliyochongwa Kindu, moja ya ubua wa mtende waliyoiunda watoto wa huko Ubundu, moja nyembamba ya kutoka upande wa Aketi, ambako reli yenyewe ni nyembamba. Kulikuwa na behewa jeupe la Wazungu lenye mapazia, ambayo niliyashona mimi, na behewa la daraja la tatu lenye benchi, na la mchele, na la wagonjwa, na kile kitoroli cha mafundi cha kusukumwa kwa mikono.

Usiviite vitu hivyo vichezeo. Jirani mmoja aliyeviita hivyo hakukaribishwa tena.

Akieleza historia ya reli alikuwa mtu mwingine. Mgongo ulinyooka, sauti ikatoka. "Mayi iko na maporomoko hapa, Mama, bateau, ile meli, haiwezi kupanda. Donc, bateau inakuleta toka Kinshasa, inakutupa hapa. Treni inakubeba mpaka Ubundu. Pale, bateau tena mpaka Kindu. Kindu, treni tena mpaka ku ziwa, Kalemie. Inchi yote iko kamba moja, na hii kipande yetu ndiyo fundo. Ukikata hapa, yote inaachana." Nilimwambia kwamba Wabelgiji walijua kujenga. Akanikatiza. "Mubelgiji hakujenga kitu. Alisimama na kofia. Waliojenga wako chini ya mataruma." Kisha akatazama dirishani kuona kama kuna mtu, ingawa maneno hayo hata chama kingeyapigia makofi.

Ubavuni mwa mabehewa yake ya kwanza aliandika majina ya miji kama yalivyokuwa wakati wa Wabelgiji. Majina yalipofutwa, alikaa na wembe akayakwangua yote siku ile ile, akaandika mapya. Na katikati ya rafu, nyuma ya kiti kikubwa, palikuwa na nafasi tupu aliyoifunika kwa kitambaa cha kufuma. Ndipo ilipopaswa kukaa treni ya miaka ya uasi, ile iliyofuata uhuru. Mgeni akiuliza alijibu, "Miaka ile treni haikutembea." Lubunga nzima tuliisikia ikipiga honi miaka ile, na tulijua ilibeba nani na nani. Lakini hakuna aliyembishia. Yeye alikuwa stesheni, aliona walioshushwa ambao hawakurudi, na nadhani uoga wake wote ulipandia pale.

Niliupata ukweli wa kile kitu cha hatari mchana mmoja wa joto kali. Nilikwenda kuchukua kipande cha cherehani yangu, yeye yuko uani ananawa mikono, nami nikasimama mbele ya rafu kama nilivyozoea. Kichwa cha treni alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cheusi cha zamani, cha kuchoma kuni, chenye bomba refu. Magurudumu yake yalinishangaza siku zote. Ya mabehewa mengine yalikatwa kwa mkasi na yalionekana hivyo, haya yalikuwa duara kamili, mazito, yamezunguka vizuri. Nikakinyanyua nione yamefungwaje.

Upande wa ndani wa magurudumu alikuwa ameyapaka lami, ile wanayozibia nyufa za mitumbwi. Joto lilikuwa limeilainisha. Kipande kilibanduka na kidole changu, na chini yake palikuwa na jicho. Kisha fremu ya miwani. Kisha ukingo wa kofia ya ngozi ya chui.

Nikageuka, na Chef yuko mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Mama, umeona nini?"

"Mi sikuona kitu, Chef."

Ndilo jibu tulilojifunza sote, hata watoto. Lakini lami ilikuwa kwenye kidole changu. Akafunga mlango, akakaa, na maneno yakamtoka mfululizo. Stesheni iliwahi kupewa sanduku la beji za chama za wafanyakazi. Wafanyakazi wakaachishwa kazi, beji zikabaki. Alipostaafu alizipeleka ofisini, wakakataa kuzipokea: ulipewa wewe, ni zako.

"Nizitupe wapi, Mama? Uso ya le Guide, ya Kiongozi yetu, ku poubelle, ku takataka? Nizichome? Na mutu akiuliza moshi iko ya nini? Nizitupe ku mayi, wavuvi wazivue na nyavu, waseme nani ametupa le Guide ku mayi? Nikazifukia nyuma ya nyumba, kuku zikachimbua. Kuku! Kila mutu aliyeingia hapa nilikuwa naona anaangalia lile sanduku."

"Ndiyo ukazifanya magurudumu."

"Nimezificha. Hapa hakuna mutu anaweza kutafuta."

Mtu wa leo atasema huyo alikuwa mwehu. Mimi nilimwelewa palepale, na nitaeleza kwa nini. Kila sikukuu ya chama nilishona vitenge vyenye picha ya Kiongozi. Mshonaji wa zama hizo kwanza hakupima mwili wa mteja. Alipima uso utaangukia wapi. Usianguke makalioni. Usikatwe na mshono. Usikunjwe kwapani. Nimewahi kufumua gauni zima usiku kucha kwa sababu shavu moja lilikuwa limekalia kiti. Na vile vipande vinavyobaki, sikio hapa, nusu ya miwani pale, utavifanya nini? Huwezi kufutia meza, huwezi kuvitupa jalalani. Nilikuwa na gunia lake chini ya kitanda changu.

Nikamwambia Chef habari za gunia. Nilidhani namfariji, kwamba hayuko peke yake. Alinitazama kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Bon. Sasa tunajuana." Nilitoka pale nimefurahi kwamba nina rafiki.

Mkubwa alikuja mwaka uliofuata. Nisimwite zaidi ya hapo, alikuwa mkubwa wa chama kutoka Kinshasa, amekuja kwa sherehe za kuzaliwa kwa chama, na alitaka kuvuka kuiona stesheni. Mwenyekiti wa chama wa Lubunga, mtu wa tumbo na sauti, alikwishaona treni za Chef na kuzitolea macho. Siku moja kabla aliingia nyumbani kwa Chef akaamuru zipangwe juu ya meza mbele ya stesheni, zimwonyeshe mgeni kazi za mikono ya wananchi. Akaweka kidole juu ya kile cheusi. Hiki mbele kabisa, akasema.

Chef alipita kwenye matundu ya ua, si barabarani, akaja kwangu. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Yatoe magurudumu," nikamwambia. "Tia ya makopo."

"Nimeyapiga ribiti. Nikiyatoa, machine yote inavunjika. Na yule ameshaiweka kidole."

"Basi ivunje. Sema imeanguka."

"Imeanguka leo? Siku ya leo? Mama, na weye ungeamini?"

Tukafanya tulichoweza: akapaka lami mpya, nzito, tabaka juu ya tabaka, na mimi nikapepea kwa kawa ili ikauke. Tulijua ni upuuzi. Lami haikauki Kisangani.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Wanawake wa kikundi cha nyimbo walivaa nguo nilizoshona, na mimi niliwekwa karibu na meza na sindano yangu, kama mshono utaachia mtu akicheza. Ngoma zilipigwa. Kivuko kikaleta Mkubwa, mtu mfupi, mpole wa sauti, abakosti ya kijivu, lile koti la chama lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni. Alitembea polepole kando ya meza na Chef akamweleza, kwa Kifaransa chake cha stesheni, treni moja baada ya nyingine, na niliisikia sauti yake ikizidi kwenda juu kila alipokaribia ile ya mbele.

Mkubwa alikinyanyua kile kichwa cheusi.

Akatazama bomba, akatazama chumba cha dereva. Kisha akatazama vidole vyake, vilikuwa na lami. Akakigeuza juu chini ili aone lami inatoka wapi.

Sikusikia tena ngoma. Niliona mdomo wa Chef umefunguka, na mikono yake imenyooka mapajani kama mtoto mbele ya mwalimu. Nikamwona Mkubwa anatazama. Hakutazama kwa muda mrefu, ila alitazama, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Kisha akanyoosha mkono pembeni bila kugeuza kichwa, akingoja apewe kitu cha kujifutia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikatia mkono mfukoni, nikashika kipande laini cha kitenge, nikakaribia kukitoa, na ndipo nikatambua kwamba mfuko mzima umejaa mabaki ya kitenge cha sherehe. Nikakiachia kama kaa la moto. Nikajivua kilemba kichwani nikampa.

Alijifuta kidole kimoja kimoja.

"Citoyen," yaani mwananchi, akamwambia Chef, "magurudumu umefanya na nini?"

"Na makopo, Citoyen."

"Makopo."

"Makopo, Citoyen. Ya sardini."

"Travail soigné," akasema Mkubwa. Kazi nadhifu. Na akakirudisha mezani, kikiwa kimesimama vizuri juu ya reli yake.

Ingekuwa imekwisha hapo. Lakini yule mwenyekiti wetu wa tumbo na sauti alikuwa amelisikia lile neno la sifa, akapaza sauti kwamba wananchi wa Lubunga wanampa Mkubwa zawadi ya kichwa hiki cha treni. Watu wakapiga makofi. Kikafungwa katika gazeti, kikatiwa kwenye boksi, kikavuka mto na wenyewe. Nilimtafuta Chef kwa macho. Alikuwa anapiga makofi na wengine, kwa bidii, na machozi yanamtoka, na watu karibu naye walidhani ni furaha.

Jioni hiyo nilimwambia Chef kwamba Mkubwa hakuona kitu. Angeona angesema.

"Ameona," akasema Chef. "Mutu ameona ile hawezi kusema pale. Akisema, kila mutu atataka kuangalia. Na wataona nini? Le Guide chini ya treni, ndani ya lami, na mikono ya nani imemushika? Yake. Anangoja afike kwake."

Basi naye akaanza kungoja. Hicho ndicho nilichokiona kwa miaka iliyobaki ya ujirani wetu, mtu anayengoja. Meli ya Kinshasa ikipiga honi bandarini ng'ambo, aliacha alichokuwa anakula. Mwanamume asiyemjua, mwenye miwani myeusi, akishuka kivukoni, Chef aliingia ndani akakaa sebuleni na viatu vimefungwa, ili wasimkute peku. Redio ilipotangaza kwamba Mkubwa amepandishwa cheo, alikonda, kwa sababu mkubwa zaidi ana wageni wengi zaidi ofisini, na mmoja wao atakigeuza kile kitu. Ilipotangaza baadaye kwamba Mkubwa ameangushwa, alikonda zaidi, maana nyumba ya aliyeangushwa hupekuliwa. Nilimwuliza ni habari gani basi ingemfurahisha. Alifikiri, kwa uaminifu kabisa, akasema hakuna.

Hakutengeneza treni nyingine. Siku moja rafu ilikuwa tupu na vile vyuma vya miavuli vimeng'olewa, na sikuuliza vimekwenda wapi. Akakaza zaidi kuja kwangu. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani kando ya reli, alipita na samaki wawili watatu waliofungwa kwa ukindu. Alikaa kwenye kigoda, akauliza kazi inaendeleaje, nani amekuja kushona, watu wanazungumza nini, kama nimepata wageni. Nilimwambia kila kitu, kwa sababu ninapenda kusema nikishona. Alisikiliza macho yake yakiwa usoni kwangu. Nilijiambia, maskini, amepoteza treni zake, anahitaji mtu.

Kisha dada yangu aliugua, nikahamia ng'ambo ya kulia kumtunza, nikaweka cherehani karibu na soko. Tukawa hatuonani.

Redio ilipotangaza kwamba chama kimoja kimekwisha, kwamba mtu yeyote anaweza kuanzisha chama chake na kuvaa tai, iliyokatazwa miaka yote, watu sokoni walisimama bila kujua wafanye nini. Wengine walicheka kidogo, kisha wakaangalia nani anawaona. Mama mmoja muuza mchele alitoa beji yake gaunini, akaishika kiganjani, akairudisha. Mimi nilimfikiria mtu mmoja tu. Nilikunja kazi ya mteja katikati ya mshono, nikapanda mtumbwi nikavuka.

Alikuwa amezeeka vibaya. Mkewe alikuwa shambani. Alinipa kiti, akakaa mbele yangu, magoti pamoja.

"Chef, umesikia? Bwana, iko mwisho. Chama imekwisha. Hakuna mutu atakufuata tena. Utalala sasa."

Akainuka akafunga mlango.

"Nani amekutuma, Mama?"

"Hapana mutu. Nimekuya miye mwenyewe."

"Miaka yote haukuvuka mayi. Leo ndiyo umevuka. Leo, ili miye niseme nimefurahi, na weye usikie."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wake wa treni iliyochelewa. Hakucheka.

"Mukubwa hakusema," akaendelea, taratibu, kama mtu aliyelipanga jambo hili kichwani kwa miaka. "Ile nilikuja kuielewa. Angekuwa wa kusema, angesema zamani. Sasa alibaki mutu mumoja anajua. Ile samaki yote nilikuwa naleta, Mama, nilikuwa naangalia uso yako. Kila Jumamosi nilikuwa naangalia kama umeshasema."

"Chef! Mimi?"

"Na miye sikusema ya gunia yako. Ukumbuke ile. Bon."

Iliniuma. Nilitaka kumwambia yeye ni mzee mwenye roho ndogo, kwamba nilimpenda, kwamba nilijivua kilemba mbele ya watu kwa ajili yake. Nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka namna nilivyoliteketeza lile gunia kabla ya kuhama: nilingoja siku ambayo Chef amesafiri kwenda Ubundu. Moshi wangu sikumficha askari wala mtu wa chama. Nilimficha yeye, kwa sababu yeye pekee angejua ni moshi wa nini. Na tangu siku hiyo mpaka ninakaa pale kitini sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Tulikaa hivyo, majirani wa miaka mingi, tuliokula sahani moja, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesema lolote juu ya mwenzake kwa mtu yeyote.

"Nimekuya kukusalimia tu," nikasema.

"Asante, Mama," akasema kwa adabu. "Ni vizuri."

Alivaa kofia yake, akanifuata mpaka mtoni kwa zile hatua zake fupi. Alinishikia mkono nilipopanda mtumbwi, akamwambia mpiga kasia aende pole, akauliza pia kama nitarudi leo au kesho, nami nikamwambia sitarudi. Katikati ya mto niligeuka, bado amesimama. Tulipogusa ukingo wa pili niligeuka tena, alikuwa mdogo, lakini amesimama palepale, anaangalia ninaposhukia na ninaelekea njia ipi. Zamani ningesema ananisindikiza.